CD ya Kushika kwa Mkono

Ukimuulizia Kihara upande wa soko la viazi pale Molo, utaulizwa wewe kwanza: Kihara yupi, wa gunia ama wa gemu? Ni mtu mmoja. Mwili mmoja, na koti moja la kijani ambalo halivuliwi hata jua likiwaka, maana jua la Molo huwaka bila kupasha mtu moto.

Kihara wa gunia alikuwa mpakiaji. Viazi vikitoka mashambani kwa pikapu, alivishusha kwa mgongo na kuviingiza kwenye stoo ya Kigen. Lori la Nairobi likifika, alivitoa stoo na kuvipandisha kwa lori. Kupakua na kupakia. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake, na huko hakufukuzwa kwa sababu ya karo. Yale magunia yalikuwa ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka mdomo ukakataa kufungwa, halafu likashonewa kofia ya wavu juu na kujazwa tena. Serikali ilikataza lumbesa. Kigen naye alikataza, kwa sauti, kila wakati maafisa walipokuja kukagua. Mgongo wa Kihara ndio haukupata hiyo habari.

Kigen mwenyewe alikuwa mtu wa kiti. Aliketi mbele ya stoo kwenye kiti cheupe cha plastiki, kalamu sikioni, mguu juu ya mwingine. Hakugusa gunia hata siku moja. Lakini asipofika, hakuna mlango uliofunguliwa wala lori lililosogea, hata vijana wawe wamejaa pale wakipuliza mikono kwa baridi. Kazi ya Kigen ilikuwa kuwepo.

Siku moja mgongo wa Kihara ulilia tii, akabaki ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Daktari wa kliniki alimwonyesha picha ya mifupa yake, akamwambia hiyo ni ngazi iliyoliwa na mchwa. Mkewe, Shiko, alikuwa amesimama hapo karibu.

"Baba Njoki," alisema wakitoka, "ukibeba gunia lingine hata moja, mimi ndiye nitakuwa nakuogesha. Na sitakuogesha na maji moto."

Kihara akaenda kuaga stoo. Kigen hakusimama.

"Unaenda kufanya nini, Kihara?"

"Nafungua kibanda cha gemu, boss. Vijana wanakuja, wanacheza, mimi nakaa."

Kigen alicheka mpaka kalamu ikaanguka. "Wewe? Kukaa? Huo mgongo umezoea uzito. Utarudi hapa."

"Sirudi."

"Utarudi, na utaniita boss."

Kuanzia siku hiyo Kihara aliapa mambo mawili: hatarudi stoo ya Kigen, na hatamwita mtu boss tena.

Ng'ombe alitoka nyumbani akauzwa, mashine ya gemu ikaingia. Ng'ombe alikuwa anaitwa Karembo. Shiko, ambaye ndiye alikuwa akimkamua, hakusema mengi kuhusu biashara hiyo, ila aliipa mashine jina la marehemu. Kihara akirudi jioni, anaulizwa, "Leo Karembo ametoa maziwa?" Na kukiwa na mvua, "Usimwache Karembo nje."

Kibanda kilikuwa cha mabati, nyuma ya kinyozi. TV moja, mashine moja, padi mbili za kuchezea, mabenchi ya mbao. Sheria ilikuwa moja tu, hakuna kushika padi na mikono ya chipsi. Kihara mwenyewe hakujua kucheza. Aliketi kando ya mlango, akifurahia kuketi.

Kitu alichopenda ni ile CD. Gemu yake ilikuwa ya mpira, na ilikaa ndani ya CD, na CD ilikaa ndani ya kava. Kila jioni aliitoa kwenye mashine, akaipangusa na kitambaa, akairudisha kwenye kava, na kava akaliweka ndani ya koti, upande wa moyo. Mwizi anaweza kuja na kubeba mashine, alisema, lakini gemu iko hapa. Kitu ukikishika kwa mkono ni chako.

Hayo alikuwa akiyasema kwa sababu ya Jeff. Jeff ni kijana wa nywele za kusokota, aliyefungua kibanda kikubwa karibu na steji ya matatu, chenye TV tatu na waifai yake mwenyewe. Jeff hakuwa na CD hata moja. Gemu zake zilishuka tu zikaingia ndani ya mashine.

"Hizo ni gemu za hewa," Kihara aliwaambia vijana. "Siku moja upepo utavuma Molo, na nyinyi mnajua upepo wa hapa. Jeff ataamka apate hana kitu."

"Sawa mzee," alisema Micah, "lakini hii yako ya kushika imezeeka."

Micah alikuwa mwanafunzi wa fom tuu aliyecheza kuliko wote, na mdomo wake pia ulikuwa unacheza. Na alisema kweli. CD ya Kihara ilikuwa ya zamani. Wachezaji wake wengine walishastaafu, mmoja alikuwa kocha, na mwingine anajulikana siku hizi kwa kunenepa.

"Angalia huyu striker wako," Micah alisema siku nyingine, mbele ya watu. "Huyu ako na wajukuu. Nikimpa pasi naona huruma."

Watu walicheka. Kesho yake wachache wao walikuwa kwa Jeff. Wiki iliyofuata hata Micah alionekana huko, akatoka akijificha nyuma ya mama wa mitumba. Kibanda cha Kihara kikaanza kuwa na nafasi. Halafu kikawa na nafasi nyingi. Halafu Kihara akawa anaketi peke yake na Karembo, wakiangaliana.

Usiku alikuwa akimsikia Shiko akinyamaza. Hakuna kitu kinachosikika kama Shiko akinyamaza. Na asubuhi, akipita mbele ya stoo akienda kufungua, Kigen alikuwa akimpungia mkono kwa adabu sana, kisha anaangalia yale magunia, kisha anamwangalia yeye.

Kihara akaamua: gemu mpya, ama gunia.

Alipanda gari mapema, akapita Turi na Elburgon na Njoro, akafika Nakuru akiwa bado na baridi ya Molo ndani ya koti. Aliingia duka moja la vifaa vya umeme. Nyuma ya kaunta alikuwa msichana wa Kisikh anayeitwa Jasleen, anayemsaidia babake. Jasleen huongea Sheng na wenzake kama mtu wa kona yoyote ya Nakuru, lakini babake alimfundisha kwamba mzee akiingia dukani anaongeleshwa kwa Kiswahili kamili, kile cha redio.

"Karibu, mzee."

"Asante, msichana wangu. Nataka ile gemu ya mpira, ya mwaka huu. Lakini iwe ya CD. Sitaki mambo ya hewa."

Akamletea. Kava lilikuwa limefungwa kwa plastiki inayong'aa, na mchezaji wa juu alikuwa kijana kabisa, bila mjukuu hata mmoja. Kihara alilipima kwa mkono, akalisikia ni jepesi, lakini akafikiri vitu vizuri siku hizi ni vyepesi.

"Ila mzee," Jasleen alisema, "hii ukifika nyumbani itabidi upakue kwanza ndipo icheze."

Kihara akacheka. Alicheka kwa upole, kama mwalimu aliyeulizwa kama anajua a, e, i, o, u.

"Kupakua? Mama, mimi nimepakua tangu kabla hujazaliwa. Uliza Molo nzima."

"Ni kubwa lakini."

"Hii?" Aliinua kava kwa vidole viwili. "Hii hata mtoto anapakua."

Jasleen alifurahi kumpata mzee anayeelewa mambo. "Na nafasi unayo ya kutosha?"

"Nafasi iko. Nimetoa benchi moja nje. Vijana watasimama hata nyuma."

Jasleen alifikiri hilo ni fumbo la wazee, akaliacha lipite. "Na mtandao huko kwenu ni mzuri?"

"Mtandao ni mzuri sana. Jana nimeongea na binti yangu Njoki, yuko Thika, tulisikizana kama ameketi hapa."

"Basi hutapata shida yoyote," alisema Jasleen.

Na waliagana hivyo, kila mmoja akimsifu mwenzake moyoni.

Ijumaa Kihara alibandika tangazo kwenye mabati, limeandikwa na kinyozi kwa herufi kubwa: GEMU MPYA YA MPIRA KESHO. SI YA HEWA. NI CD YA KUSHIKA. Alilibeba lile kava sokoni akilionyesha watu kama mtu aliyepata mtoto. Alipita hata mbele ya stoo, polepole.

"Naona umenunua kitu," Kigen alisema.

"Kitu cha kushika," alisema Kihara, na hakuongeza neno lile aliloapa kutolisema.

Jumamosi kibanda kilijaa. Walirudi wote, hata waliojificha nyuma ya mama wa mitumba. Waliokosa benchi walisimama, na waliokosa pa kusimama walichungulia kupitia tundu la msumari. Shiko mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni na mikono kifuani.

Kihara alichana ile plastiki mbele ya watu. Alifungua kava, akatoa CD, akaiinua juu iwake kidogo, akaiingiza. Mashine ikaimeza. TV ikaonyesha maneno, na chini ya maneno mstari mrefu mtupu.

Watu wakaangalia TV, kisha wakamwangalia Kihara.

"Inasema nini?" Kihara aliuliza.

Micah alisoma, akasoma tena. "Mzee, inasema lazima tupakue."

"Si nimeshapakua?"

"Umepakua lini?"

"Sasa hivi! Mbele yenu!" Kihara akainua ile plastiki iliyochanika. "Hii ni nini? Kava lile pale. CD iko ndani. Mnataka nipakue nini tena?"

Wakati mwingine kicheko huanza nyuma. Hiki kilianza kwa tundu la msumari, kikaingia ndani, kikafika benchi la mbele, na mabati yakaanza kutetemeka. Micah peke yake ndiye alijaribu kujizuia, kwa sababu ndiye alikuwa amesimama karibu na mzee.

"Mzee, kupakua ni kudownload. Gemu yenyewe haiko kwa CD."

"Iko wapi?"

"Iko huko. Kwa intaneti. Inafaa itoke huko iingie kwa mashine."

"Kama ya Jeff?"

Micah alikuna kichwa. "Ni kama ya Jeff."

"Sasa kwa CD kuna nini?"

"Kuna kidogo. Ni kama... CD inaonyesha tu kwamba wewe ulinunua."

"Basi nikiitoa?"

"Ukiitoa haichezi. Lazima iwe ndani." Micah alitafuta mfano, akaupata karibu. "Ni kama Kigen pale stoo. Habebi kitu, lakini asipokuwa hapo kazi haianzi."

Hapo kicheko kilipata miguu mipya. Kihara aliketi. Gunia la lumbesa anajua ni dhambi ya namna gani, mkulima anatoa moja na nusu na kulipwa moja. Lakini gunia tupu, limeshonwa vizuri, limepigwa muhuri na picha ya viazi, na viazi vyenyewe uambiwe viko Ulaya, uvifuate? Hiyo hata Kigen hakuwa ameifikiria.

Walijaribu intaneti ya simu ya Micah. Waliiweka juu ya mabati, wakaiweka kwa dirisha, wakaifunga kwa fimbo na kuinyoosha nje. Ule mstari ulikaa mtupu, kisha ukaonyesha kidoa kidogo pale mwanzo, kama uchafu.

"Kwa hii network," Micah alisema, "itaisha Krismasi."

"Krismasi gani?" mtu aliuliza kutoka nje, na huyo ndiye aliondoka wa kwanza. Wengine wakamfuata, kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka matanga. Njia waliyoshika ilikuwa ya kwenda steji.

Kihara alipiga simu Nakuru.

"Msichana wangu, uliniuzia gunia tupu."

"Mzee? Lakini nilikuambia utapakua."

"Nilipakua! Nilichana kila kitu!"

Jasleen alikumbuka lile benchi lililotolewa nje. Halafu akaelewa, na sauti yake ikawa ndogo. "Pole sana, mzee. Siku hizi nyingi zinakuja hivyo. Imeandikwa kwa kava, hapo chini."

Kihara aligeuza kava. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa, kulikuwa na Kizungu fulani. Juu, kwa herufi kubwa kama za kinyozi, kulikuwa na jina la gemu.

Alimtuma Micah kwa Jeff kuomba waifai. Micah akarudi na jibu kama alivyopewa: "Anasema yake ni ya hewa, na wewe hutaki mambo ya hewa. Anasema pia nikusalimie."

Shiko bado alikuwa mlangoni. "Kuna mahali pengine penye hiyo kitu?"

Wote watatu walijua jibu. Kigen alikuwa ameweka waifai stoo mwaka huo, ya kuangalia bei za Nairobi asubuhi.

"Karembo hana majani hapa," alisema Shiko. "Mpeleke kwa majani."

Kihara alifunga mashine kwa shuka, na kwa sababu mkono ulikuwa umezoea, aliirusha mgongoni bila kufikiri. Akavuka soko akiwa ameinama, na mzigo juu. Watu waliomwona kwa mbali walisema, ala, Kihara amerudi kazini.

Kigen alimwona akija. Alikunja mguu juu ya mwingine, akangoja. Mbele ya stoo palikuwa na pikapu imejaa viazi, na dereva wake alikuwa akipiga honi. Vijana wa Kigen walikuwa wameenda matanga huko Kibunja, wote, na lori la Nairobi lilikuwa njiani.

"Kigen," alisema Kihara.

Kigen aliangalia mawingu.

"Bwana Kigen."

Kigen alitoa kalamu sikioni, akaiangalia kama imekauka wino.

Kihara alimeza mate. Yale mate yalikuwa na uzito wa gunia. "Boss."

"Kihara! Karibu! Sikuwa nimekuona."

Akamweleza yote. Kigen alisikiliza vizuri, hata hakucheka, na hapo Kihara akajua kuna bei.

"Waifai iko," Kigen alisema. "TV iko ofisini. Mimi siwezi kukunyima hewa. Lakini unaona hii pikapu? Wewe pakua yangu, mashine ipakue yako."

Kihara aliangalia pikapu. Aliangalia nyuma. Shiko alikuwa ng'ambo ya soko, akinunua kitunguu kimoja kwa muda mrefu sana.

Akafunga koti.

Mashine iliwekwa ofisini, TV ikageuzwa ielekee mlangoni, CD ikawa ndani ya mashine ikifanya kazi yake ya kuwepo. Ule mstari ukaanza kutembea. Kihara alishusha gunia la kwanza, akapita mbele ya TV, akaona mstari umesonga. Akashusha la pili, mstari ukasonga tena. Akafikiri, basi hii ni kazi ninayoijua. Huyu ananiletea kutoka Ulaya, mimi namletea kutoka pikapu. Akaongeza mwendo. Kila akipita aliangalia, na mstari ulikuwa ukienda bila kuinama, bila jasho, bila kusema tii.

Mgongo ndio ulisema. Alikuwa katikati ya pikapu na mlango, lumbesa juu, na ile ngazi ya daktari ikakatika daraja moja. Alishuka chini polepole, gunia likashuka naye, na wote wawili wakaketi, yeye juu na gunia chini.

"Kihara!" Kigen alisimama. Watu wa soko wanasema ndiyo mara ya kwanza walijua urefu wake.

"Usiniguse," Kihara alisema. Hakuweza kugeuza shingo. Lakini vile alivyoanguka, uso wake ulikuwa umeelekea TV. "Imefika nusu."

Dereva wa pikapu alipiga honi. "Boss, mimi natakiwa Elburgon! Nani anashusha hii?"

Kigen aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Vijana wako matanga. Micah alikuwa amekuja, na alijaribu gunia moja, lakini lumbesa haibebwi na mdomo. Basi mbele ya soko zima Kigen alivua jaketi, akalitundika kwenye kile kiti cheupe, akaingia chini ya gunia upande mmoja, Micah upande wa pili.

"Inama magoti, si mgongo," Kihara alimwambia kutoka pale alipoketi.

"Nyamaza!"

"Basi angalau usilivute. Lipandishe." Kisha akaangalia TV. "Imepita nusu. Endeleeni."

Na hivyo ndivyo siku ile ilienda. Kigen na Micah walishusha viazi, na Kihara, ambaye hakuweza kufanya kitu kingine, aliketi akiwatajia mstari umefika wapi. Kila akisema umesonga, Kigen aliuliza "Umebaki kidogo?" kwa sauti ya mtu anayeomba. Alikuwa ameanza kuamini kwamba mstari ukifika mwisho, pikapu pia itaisha. Watu waliacha kununua wakaja kuangalia. Walipofikisha gunia la mwisho, mashine ililia kidogo, tingi, na TV ikajaa uwanja wa kijani na makelele ya mashabiki.

Shiko alifika na kitunguu chake. Alimwangalia mumewe juu ya gunia. Alimwangalia Kigen, amejaa udongo mpaka kope. Akamwangalia Karembo.

"Ametoa maziwa?"

"Ametoa," alisema Kihara.

"Umebeba?"

"Kidogo."

"Maji yatakuwa baridi," alisema Shiko, na akamwekea leso mgongoni.

Kihara hakuweza kuhamishwa, kwa hiyo gemu haikuhamishwa. Vijana waliposikia makelele walitoka kwa Jeff wakaja stoo. Walikalia magunia. Magunia ya lumbesa, iligunduliwa siku ile, ni kiti kizuri kuliko benchi. Kigen alipewa padi kwa heshima, kwa sababu TV ni yake. Micah alimfunga magoli mpaka watu wakaacha kuhesabu.

"Tena," alisema Kigen.

"Boss, lori la Nairobi limefika," mtu alimwambia.

"Lingoje. Tena."

Hiyo ilikuwa miezi iliyopita. Kibanda cha nyuma ya kinyozi sasa kinafugiwa kuku. Karembo anakaa stoo ya Kigen, kwenye kona isiyovuja, karibu na waifai, na Kihara anakaa kando yake. Vijana wa kupakia wanacheza wakingoja lori, madereva wanacheza wakingoja kupakiwa, na jioni wanafunzi wanakuja. Jeff alituma salamu, akasema anasikia mzee siku hizi anauza hewa. Kihara akamrudishia: ni hewa, lakini iko na CD.

Kigen alimshinda kwa jambo moja, kwa sababu Kihara alirudi kweli. Kila asubuhi anaingia kwa lango lile lile, kwa koti lile lile, na hilo hawezi kulikataa. Ila harudi kwa mgongo. Aliomba kiti, Kigen akampa kile cheupe cha plastiki, akajinunulia kingine. CD bado inatolewa kila jioni, inapanguswa, inawekwa kwenye kava, na kava linaingia ndani ya koti, upande wa moyo. Micah alishachoka kumweleza kwamba ndani hakuna kitu.

Juzi gemu ilisimama katikati ya mchezo. TV ikaleta maneno, na chini yake ule mstari mtupu. Kulikuwa na kitu kipya cha kupakua. Wakati huo huo pikapu iliingia kutoka Turi, imejaa mpaka juu, na dereva wake mgeni akashuka akiuliza nani mwenye stoo. Kigen hakumsikia. Alikuwa ameshika padi, alikuwa ameongoza kwa mara ya kwanza maishani mwake, na macho yake yalikuwa kwa yule mzee wa koti la kijani.

"Boss," Kigen alimwambia Kihara, "sasa tunafanyaje?"

Dereva alimgusa Micah bega. "Huyo mzee ndiye mkubwa hapa? Kazi yake ni nini?"

"Huyo?" Micah alisema. "Huyo ni CD."

Kihara alisikia. Alikunja mguu juu ya mwingine, pole pole kwa ajili ya mgongo, akaangalia mstari, akaangalia pikapu.

"Pakueni," alisema.